Kiwanja cha Ndege Nacho ni Mkusanyaji

Mtu anayeweka vitu vya safari vilivyopitwa na wakati huonekana ana walakini. Ana kopo la biskuti limejaa tiketi za shirika la ndege lililokufa, ratiba za meli ambazo hazitii nanga tena bandari ya Malindi, Unguja, vibandiko vya mizigo, funguo za hoteli, na mifuko ya karatasi ya kutapikia ambayo haijatapikiwa. Nyumbani kila siku anaambiwa atupe, mende wanazaliana. Mimi namtetea, na utetezi wangu ni huu: mkusanyaji mkubwa wa vitu vya safari vilivyokwisha wakati wake si mzee wa Mji Mkongwe na kopo lake. Ni meza ya ukaguzi ya kiwanja cha ndege, popote pale duniani. Mzee walau anajua kwamba alichonacho kimekufa, na nyuma yake amekiandikia mwaka kwa penseli. Meza ya ukaguzi haiandiki mwaka.

Anza na chupa. Kijana anaondoka Unguja kwenda masomoni Ulaya, mama yake amemfungia asali, achari ya embe na mafuta ya nazi ya kujipaka. Asiyejua akivitia kwenye mzigo wa mkononi, vinaishia mezani. Mwisho ni mililita 100 kwa chupa, na chupa zote ziingie katika mfuko mmoja wa plastiki unaoonesha, usiozidi lita moja. Uliza sababu, utajibiwa "usalama". Sababu ipo, na ina tarehe. Tarehe 10 Agosti 2006 polisi wa Uingereza walitangaza kwamba wamewakamata watu waliokuwa wakipanga kuripua ndege zinazotoka London kwenda Amerika ya Kaskazini kwa miripuko iliyotiwa ndani ya chupa za soda. Kwa siku kadhaa abiria wa viwanja vya Uingereza walipanda ndege karibu mikono mitupu. Mwezi Septemba Marekani ikaweka kipimo chake, tarehe 6 Novemba Umoja wa Ulaya ukaweka mililita 100, kisha Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga, ICAO, likaupendekeza utaratibu huo kwa nchi zote wanachama. Ndivyo ulivyotufikia kwenye kiwanja chetu cha Kisauni, Unguja. Mtoto aliyezaliwa mwaka ule leo ana haki ya kupiga kura.

Na kuna kichekesho hapo ambacho sijaona mtu akikicheka. Mwaka huohuo wa 2006 Zanzibar ilipiga marufuku mifuko ya plastiki. Sisi tunaifukuza mitaani, viwanja vya dunia vinaidai mlangoni. Tanzania Bara ilipofuata tarehe 1 Juni 2019, ilibidi mfuko huo mdogo wa vipodozi vya abiria usamehewe kwa jina.

Viatu navyo vina tarehe. Tarehe 22 Desemba 2001 Richard Reid, ndani ya ndege ya American Airlines inayotoka Paris kwenda Miami, alijaribu kuwasha kiberiti ili aripue viatu vyake. Hakuwahi, abiria na wahudumu walimdhibiti. Marekani ilikuja kuwalazimisha abiria wote kuvua viatu mwaka 2006, na ikaifuta amri hiyo Julai 2025. Katikati hapo ni miaka 19 ya soksi zilizotoboka. Si kwamba hatari ya viatu ilikwisha asubuhi moja ya Julai. Mashine zilikuwa zimebadilika muda mrefu uliopita, ila hakuna aliyekuwa na kazi ya kuuliza, "Hii bado tunaihitaji?" Kuweka amri mpya kuna mwenyewe anayewajibika. Kuifuta hakuna mwenyewe, kwa sababu atakayeifuta leo kesho likitokea lolote ataitwa yeye.

Wahenga walisema mtafunwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Katika usafiri wa anga mambo yamezidi hapo: anatafunwa mmoja London, wanashtukia unyasi mpaka wa Chake Chake.

Lakini sitaki nionekane nasema amri zote ni takataka. Hapo ndipo hoja hii inapoharibiwa na watu wanaoipenda sana. Kuna vitu vinavyofanana na kumbukumbu za zamani na kumbe viko kazini. Ukiingia choo cha ndege, hata ndege mpya kabisa, utaona kisahani cha majivu ya sigara mlangoni, na juu yake alama ya kukataza sigara. Watu hupiga picha na kucheka. Tarehe 11 Julai 1973 ndege ya shirika la Varig la Brazil iliungua karibu na kiwanja cha Orly, Paris, wakafa watu 123, na inaaminika moto ulianzia kwenye pipa la taka la chooni kwa kichungi cha sigara. Sheria inakataza kuvuta, na sheria hiyohiyo inajua kwamba siku moja atatokea mkaidi, na mkaidi huyo lazima awe na pahala pa kuzimia pasipokuwa na karatasi. Kisahani kile ni cha leo.

Sasa tuingie madukani, hapa Mji Mkongwe wa Unguja, maana jambo hili linawagusa wenyeji na wageni kila siku. Pita Gizenga, pita Hurumzi, tokea barabara ya Kenyatta upande wa Shangani. Vinavyouzwa ni saa za ukutani, redio za mbao, sarafu, stempu, picha za meli, taa za meli, dira za shaba, vipimahewa. Nyingine ni za kale kweli, nyingine zimezeeshwa juzi kwa tindikali na moshi, hilo kila mwenye macho analijua. Mnunuzi anajadiliana bei nusu saa nzima lakini haulizi swali ambalo kiwanja kitamuuliza: ndani yake mna nini?

Dira nyingi za meli huelea ndani ya maji, na maji hayo mara nyingi ni spiriti au mafuta. Kinachoonekana ni kitu cha makumbusho, kinachopita kwenye eksirei ni chombo kilichofungwa chenye kimiminika kinachoweza kuwaka. Taa ya chemli nayo ukiishaitia mafuta ya taa, hata ukiimwaga na kuiosha kwa sabuni, harufu haitoki utambini, na harufu ni mvuke. Ofisa akiinusa na kuikataa hajakudhulumu. Kipimahewa cha zebaki ndicho kinachonipendeza kuliko vyote, kwa sababu sheria yake inaeleza akili ya aliyeiandika. Zebaki ikimwagika juu ya alumini huila, na ndege sehemu kubwa ni alumini. Kwa hivyo kipimahewa hicho hakisafiri na abiria, isipokuwa mmoja tu aliyetajwa katika kanuni za kimataifa: mwakilishi wa idara ya serikali ya hali ya hewa, naye akibebe mkononi, kikiwa kimefungwa kisivuje. Amri hii haikutokana na hofu ya mtu fulani mwaka fulani. Imetokana na kemia, na kemia haizeeki.

Betri za lithiamu ziko upande huohuo. Betri ya akiba ya simu, betri ya kuchajia, betri ya kamera: hivi vinatakiwa kukaa na wewe ndani, si kwenye sanduku la chini, kwa sababu ikiwaka juu kuna mtu wa kuiona na kuizima. Januari 2025 ndege ya Air Busan iliungua ikiwa bado iko chini, kiwanja cha Gimhae, Korea ya Kusini, watu wakaokolewa wote, na iliyoshukiwa ni betri ya kuchajia. Mashirika kadhaa yakakaza masharti baada ya hapo. Sina neno nao.

Kwa hivyo kipimo changu si ugumu wa amri wala usumbufu wake. Ni kama sababu yake ingali hai. Na hapo nakuja kwenye kisu.

Ami yangu ni mmoja wa hao wenye makopo. Kitu alichokipenda kuliko vyote kilikuwa kisu cha mezani, cha chuma kisichoshika kutu, kifupi, ncha yake ya mviringo kama ya vijiko, ubapa wake butu hata siagi ya baridi ilikishinda. Kwenye mpini kilichongwa herufi tatu, EAA, zimeliwa kwa kusuguliwa lakini kidole kinazipata. Ni East African Airways. Jinsi kilivyotoka ndani ya ndege katika miaka ya sabini hakuwahi kutueleza vizuri, na sisi hatukumbana.

Shirika hilo lilianza kuruka mwaka 1946, mali ya Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar, hisa yetu ikiwa ndogo kuliko zote. Kabla yake kulikuwa na Wilson Airways ya Nairobi, iliyoanzishwa mwaka 1929 na Florence Wilson, iliyokuwa ikileta barua na abiria wachache mpaka hapa kwa ndege ndogo. EAA ilianza na vindege vya mbao na kitambaa vya De Havilland, ikaja na Dakota, ikaja na Comet mwaka 1960, halafu Super VC10 mwaka 1966, ndege iliyokuwa fahari ya kanda nzima. Ile VC10 ya mwisho kabisa kutengenezwa duniani ilikuwa ya EAA, ilikabidhiwa mwaka 1970. Mwaka 1977 Jumuiya ikavunjika, shirika likafa, Tanzania ikaunda lake. VC10 zake nne zilirudi Uingereza, zikageuzwa matangi ya kunyweshea mafuta ndege za kivita angani, na jeshi la huko likazitumia mpaka 2013. Kilichobaki kwetu ni vitu vya kopo: kibandiko, ratiba, kisahani, kisu.

Basi ami alikuwa akisafiri kumtembelea mwenzake wa mambo hayohayo, na kisu akakitia kwenye mkoba wa mkononi pamoja na ratiba zake. Kiwanja chenyewe sikitaji, kipo katika kanda yetu. Mashine ikalia, mkoba ukavutwa pembeni, akaja binti mdogo wa ukaguzi, mstaarabu.

"Shikamoo babu. Hiki ni kisu."

"Marahaba mwanangu. Hicho ni kisu cha ndege. Huko ndani ndiko kilikotoka."

"Nimeelewa babu, lakini ndani ya ndege hakirudi."

Hakukuwa na ukali. Binti alikigeuza, akapitisha kidole gumba kwenye ubapa, akaona mwenyewe kwamba hakikati, akatazama orodha iliyobandikwa ukutani. Orodha ilikuwa na picha ya kisu. Mlango wa ndege unafungwa, sanduku kubwa limekwishaondoka, aliyemsindikiza amekwisharudi. Kikaenda pipani.

Kwa sheria, binti hakukosea. Ila itazame hiyo sheria. Watekaji wa tarehe 11 Septemba 2001 walitumia visu, na visu vifupi wakati ule viliruhusiwa, na baada ya hapo visu vya chuma vikatoweka kwenye sinia za ndege, ikaja plastiki inayovunjikia kwenye kuku. Lakini lililoziba njia ya utekaji wa namna ile si plastiki. Ni mlango wa chumba cha rubani, uliotakiwa na ICAO kuimarishwa kwenye ndege kubwa za abiria kufikia Novemba 2003, pamoja na abiria ambao sasa wanajua kukaa kimya si salama. Baadaye chuma kilirudi polepole. Leo Marekani inaruhusu mkononi kisu cha mezani chenye ncha ya mviringo, Ulaya wanapima urefu wa ubapa na mpaka wao ni sentimita sita, na abiria wa daraja la juu katika mashirika mengi analetewa kisu cha chuma kizito kuliko cha ami, akiwa angani, na gharama yake imo ndani ya nauli. Kisu kimoja kinapita huku, kinatupwa kule, na kinagawiwa bure mbele. Hapo kinacholindwa ni picha iliyobandikwa ukutani.

Linaloniudhi zaidi ni kumbukumbu ipi inayochaguliwa. Jumamosi na Jumapili hazipiti bila mtu katika eneo letu kuvuliwa mkanda kwa ajili ya mambo ya Paris, London na Marekani. Sisi wenyewe tunalo letu. Tarehe 26 Februari 1982 ndege ya Air Tanzania, Boeing 737 iliyokuwa ikitoka Mwanza kwenda Dar es Salaam, ilitekwa. Ilipelekwa Nairobi, ikaenda Jeddah, ikaenda Athens, ikaishia Stansted, Uingereza, na watekaji walitaka Rais Nyerere ajiuzulu. Walijisalimisha tarehe 28. Waulize vijana kumi wanaopanga foleni ya ukaguzi leo kama wamewahi kuisikia. Safari ya ndani, abiria wa kawaida, shirika letu wenyewe. Kama kuna tukio moja linaloweza kumfanya Mtanzania aelewe kwa nini mzigo wake wa safari fupi unakaguliwa, ni hilo, na halielezwi.

Baharini ndiko tulikojifunza kwa gharama yetu wenyewe. Usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011 MV Spice Islander I ilizama karibu na Nungwi ikielekea Pemba. Ilisajiliwa kubeba watu mia sita na kitu, ikabeba zaidi sana, na idadi ya waliokuwemo ikawa mabishano, kwa sababu orodha haikuwa orodha. Tarehe 18 Julai 2012, hata mwaka haujatimia, MV Skagit ikazama ikitokea Dar es Salaam. Leo ukikata tiketi ya boti unatakiwa kitambulisho, na jina lako linaandikwa. Watu wanalalamika, foleni ndefu, jua kali. Lakini sijamsikia mtu mzima wa Unguja au Pemba akiuliza sababu. Kila nyumba inaijua, na nyumba nyingine inaijua kwa majina. Amri hiyo haihitaji bango. Tiketi ya zamani isiyo na jina, ukiipata kwenye kopo la mtu, haikufurahishi. Inakupa baridi. Ningependa iwekwe, tena iwekwe mahali pa kuonekana bandarini.

Nimetaja tiketi, basi tukae kidogo kwenye karatasi, maana wakusanyaji wengi wa sasa wanaanzia hapo. Tiketi ya ndege ya zamani ilikuwa kitabu kidogo. Nyuma ya kila karatasi mlipakwa kaboni nyekundu, ukiishika joto la Februari vidole vinabaki vyekundu mpaka jioni. Wakala aliandika kwa mkono, kalamu ikikandamizwa ili ifike chini: jina, herufi ya daraja, "OK" kwenye kisanduku cha uhakika wa nafasi, na "20K" kwa kilo ishirini za mzigo. Nyuma kabisa mlikuwa na maandishi madogo ya Mkataba wa Warsaw wa 1929, unaosema utalipwa nini ukifa. Kila hatua ya safari ilichanwa karatasi yake, kwa hivyo kitabu kinachobaki mkononi mwa mkusanyaji ni ushahidi wa safari iliyokamilika, na kile chenye karatasi ambayo haikuchanwa ni safari ambayo mtu hakurudi. IATA, chama cha kimataifa cha mashirika ya ndege, ilimaliza tiketi za karatasi tarehe 1 Juni 2008. Vitabu vile havitoki tena.

Mrithi wake ni pasi ya kupandia ndege yenye mraba wa vitone au mistari, na hapa wakusanyaji wetu vijana wanakosea kwa kudhani kila kilichotumika kimekufa. Wanaibandika mtandaoni, vidole viwili, kikombe cha kahawa, "Zenji tutaonana". Ndani ya ule mraba mna jina lako na namba ya nafasi uliyokata, na kwa mashirika mengi namba hiyo na jina la ukoo ndivyo vinavyofungua ukurasa wako. Mwaka 2020 waziri mkuu wa zamani wa Australia, Tony Abbott, aliweka picha ya pasi yake Instagram. Mtaalamu mmoja wa mambo ya kompyuta kwa picha hiyo tu akaipata namba ya pasipoti yake na simu yake, na kwa bahati alikuwa mtu mwema, akawapigia wahusika kuwaarifu. Safari ya Abbott ilikuwa imekwisha, karatasi haikuwa imekwisha. Ukitaka kuiweka, iweke ndani ya kopo, usiioneshe uso mpaka ipite muda wa kutosha. Pasipoti kongwe nayo itunze ikiwa na kona iliyokatwa, lakini usisahau kwamba kitabu ni mali ya serikali, na viza iliyobaki hai ndani yake bado ni viza.

Nini kifanyike? Usafiri wa anga ni jambo la Muungano, masharti yanasimamiwa na Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania, na viwanja vya huku viko chini ya Mamlaka ya Viwanja vya Ndege Zanzibar. Hata wote wakikubaliana nami, hawawezi kuamka kesho wakaifuta mililita 100 kwa ndege inayokwenda kutua Ulaya. Anayepokea ndege ndiye mwenye neno. Huko kwenyewe wanayumba: Umoja wa Ulaya uliruhusu kwa viwanja vyenye mashine mpya, ukarudisha kipimo Septemba 2024, ukaanza kulegeza tena mwaka 2025, na Edinburgh, nje ya Umoja huo, abiria wakaruhusiwa chupa ya mpaka lita mbili. Kwa hiyo sidai tufute. Nadai mambo madogo ambayo hayahitaji ruhusa ya mtu wa nje.

Orodha ya vilivyokatazwa iandikwe kwa Kiswahili cha kueleweka, na mbele ya kila picha uandikwe mwaka na sababu. Mstari mmoja unatosha. Zebaki: hula alumini. Chupa: njama ya London, 2006. Itakuwa vigumu kwa baadhi ya picha kupata mstari huo, na ugumu huo ndio ninaoutafuta. Mwaka 1964, baada ya Mapinduzi, serikali mpya ilikuta shehena ya stempu zenye sura ya Sultani. Haikuzitupa na haikujifanya hazipo. Zilipigwa muhuri juu yake, JAMHURI 1964, zikaendelea na kazi huku kila mtu akijua ni za enzi ipi. Leo wakusanyaji wa dunia nzima wanazitafuta. Kama posta iliweza kupiga mwaka juu ya stempu, kiwanja kinaweza kupiga mwaka juu ya amri.

La pili ni pipa. Katika viwanja vingi abiria wa mwisho kufika mbele ya mashine ana njia moja tu, kutupa. Iwepo bahasha. Anaandika jina na simu, ndugu yake anakuja kuchukua ndani ya mwezi, kwa ada ndogo. Mwenye kitu cha kale aulizwe kama anakubali kiende Idara ya Makumbusho na Mambo ya Kale badala ya dampo. Wengine watakubali kwa hasira, lakini watakubali.

Na la tatu halihusu kiwanja. Nyaraka za Taifa zipo Kilimani, makumbusho ya Beit el Amani yapo Mnazi Mmoja tangu 1925, na Beit al-Ajaib, iliyokuwa makumbusho yetu makubwa, sehemu yake iliporomoka tarehe 25 Desemba 2020. Katika maonesho yetu nimeona mitepe, vyombo vya udongo, viti vya enzi, magari ya masultani. Kabati la tiketi, ratiba na vibandiko vya watu wa kawaida waliopanda meli za British India kwenda Bombay au Dakota kwenda Pemba mimi sijaliona. Hatukusafiri wote kwa gari la kifalme. Watalii wanaonunua vitu hivi Hurumzi wamelijua hilo kabla yetu, na bei wanaipanga wao.

Ami hajanyamaza. Anatafuta kisu kingine, na vitu vya EAA huuzwa mtandaoni, vingi kutoka Uingereza, zilikokwenda zile VC10. Nimemshauri asimwagize mjukuu aje nacho kwenye mkoba. Akiweke muuzaji kwenye kifurushi cha posta, na kwenye fomu ya forodha aandike "kijiko cha siagi", kwa sababu kusema kweli ndivyo kilivyo. Amekataa. Anataka kiandikwe kisu.